Uliza Ujibiwe: Conservative na kiti chake cha moto

Tangu chama cha Conservative cha Uingereza kiangushwe Julai 2024, barua za kukiulizia hazijakoma kuingia katika ukumbi huu. Wasomaji wengi wa Mombasa wana jamaa kule. Wengine wanavutwa na jambo la karibu zaidi: vyama vyetu navyo viko mbioni kutafuta warithi. Safari hii tunajibu barua saba, baada ya kuzifupisha.

Assalaam aleikum Mhariri. Pale maskani tulibishana hadi usiku wa manane. Mimi nasema James Cleverly aliongoza duru ya tatu ya kura za wabunge mwaka 2024, kisha kesho yake akabwagwa. Wenzangu wanasema hilo haliwezekani bila wizi. Nani mkweli? — Kijana wa maskani, Majengo

Waaleikum salaam. Mkweli ni wewe, na wizi haukuwepo. Watu walipiga hesabu vibaya, basi.

Kinyang'anyiro husimamiwa na Kamati ya 1922, ambayo ni chombo cha wabunge wa kawaida wa chama. Mwaka 2024 kila mgombea alitakiwa aungwe mkono na wabunge 10, na sita wakatimiza sharti hilo. Kutoka hapo ni mchujo. Mbunge mmoja ana kura moja ya siri, anayeshika mkia anatoka, na duru inayofuata kila mtu anapiga kura upya. Zingatia hilo neno upya. Aliyekupa kura jana hadaiwi chochote leo.

Tarehe 4 Septemba Robert Jenrick alipata 28, Kemi Badenoch 22, Cleverly 21, Tom Tugendhat 17, Mel Stride 16, na Priti Patel akatoka na 14. Tarehe 10 akatoka Stride. Ukaja mkutano mkuu wa chama mjini Birmingham, wanne waliosalia wakahutubia, na Cleverly akasifiwa kuliko wenzake. Matokeo ya tarehe 8 Oktoba yakaonyesha hivyo: Cleverly 39, Jenrick 31, Badenoch 30, Tugendhat 20. Kesho yake: Badenoch 42, Jenrick 41, Cleverly 37.

Sasa chukueni kalamu. Tugendhat alipotoka aliacha kura 20. Badenoch aliongeza 12, Jenrick 10, jumla 22. Mbili za ziada zimetoka kwa Cleverly mwenyewe, na hizo ndizo zinazoonekana tu, kwa sababu wengine huenda waliingia kwake huku wengine wakitoka. Palipobaki watu watatu, kura 120 na nafasi mbili, mwenye 41 hawezi kuwa wa mwisho kwa namna yoyote. Cleverly alikuwa na 39. Alihitaji wabunge wawili zaidi, si kumi.

Maelezo yaliyoenea, nasi tunayaona ya kuaminika, ni kwamba baadhi ya wafuasi wake walidhani ameshapita, wakamkopesha kura yule waliyemwona mwepesi kushindwa naye mbele ya wanachama. Kwa kuwa kura ni ya siri, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mjanja. Hii si mara ya kwanza hesabu kuwa nyembamba hivyo. Mwaka 2001 Kenneth Clarke alipata 59, Iain Duncan Smith 54, Michael Portillo 53. Kura moja ikamtoa Portillo, na mshindi wa mwisho akawa yule wa pili.

Safari ijayo mkifuatilia pale maskani, ulizeni kwanza wabunge wanaopiga kura ni wangapi. Wakibaki wagombea watatu, gawanyeni kwa tatu mwongeze moja. Hiyo ndiyo namba ya usalama. Nani anaongoza duru ya kwanza ni porojo.

Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameniuliza kama chama hiki siku zote kimechagua kiongozi kwa kura, na kwa nini wanaochaguliwa siku hizi hawadumu. — Mwalimu wa historia, Changamwe

Hapana, mwalimu. Hadi mwaka 1963, alipopatikana Alec Douglas-Home, kiongozi hakuchaguliwa. Wakubwa wa chama walisikilizana faraghani na jina likachomoza. Malalamiko ya mwaka huo ndiyo yaliyozaa kura ya wabunge, na wa kwanza kupita kwa njia hiyo ni Edward Heath mwaka 1965. Miaka 10 baadaye kura hiyo hiyo ikamng'oa: Februari 1975 Margaret Thatcher alimshinda kwa 130 dhidi ya 119. Wanachama wa kawaida walipewa sauti mwaka 1998 chini ya William Hague. Wabunge huchuja hadi wabaki wawili, kisha wanachama nchi nzima huchagua mmoja.

Swali lako la pili lina jibu ndani ya kanuni hiyo hiyo. Kiongozi anahitaji makundi mawili tofauti, lakini anayeweza kumng'oa ni moja tu. Duncan Smith alipata kura 155,933 za wanachama mwaka 2001 dhidi ya 100,864 za Clarke, ushindi wa haja. Lakini kati ya wabunge alikuwa na 54 tu, na Oktoba 2003 wabunge hao wakamwondoa kwa kura 90 dhidi ya 75. Mwaka 2022 Rishi Sunak aliongoza kwa wabunge 137, Liz Truss akiwa na 113. Wanachama wakampa Truss 81,326 na Sunak 60,399. Truss akaingia ofisini akiungwa mkono na chini ya theluthi ya wabunge wake. Bajeti yake ndogo ya tarehe 23 Septemba ilipotikisa masoko ya fedha, hakuwa na wa kumkinga. Alidumu siku 49.

Baada ya hapo wakubwa walipandisha sharti la wadhamini hadi 100, ili wasipatikane zaidi ya watatu. Akabaki Sunak peke yake, na wanachama hawakupiga kura. Waonyeshe wanafunzi kwamba kanuni hizi si za sheria ya nchi. Ni za chama, na hubadilishwa kulingana na upepo. Mwaka 2005 uongozi ulijaribu hata kuwanyang'anya wanachama kura yao moja kwa moja, pendekezo likakosa theluthi mbili zilizohitajika.

Kwa maoni yetu mfumo huu unachagua watu wawili katika mmoja: yule anayewapendeza wanachama mwezi wa kampeni, na yule wabunge wanayeweza kumvumilia miaka mitano. David Cameron alifaulu kuwa wote wawili mwaka 2005. Tangu hapo ni kubahatisha.

Nasikia kule kiongozi hung'olewa kwa barua. Barua gani, na ngapi? — Mchuuzi wa Marikiti

Mbunge humwandikia mwenyekiti wa Kamati ya 1922 kwamba hana imani tena na kiongozi. Mwenyekiti huziweka, na hakuna mwingine ajuaye zimefika ngapi. Ukisoma gazetini kuwa "zimebaki tatu" jua ni tetesi. Barua inaweza kuondolewa kama ilivyoletwa. Zikitimia kiwango, mwenyekiti hutangaza kura ya siri ya kutokuwa na imani. Kiongozi akipata zaidi ya nusu ya kura za wabunge wake anabaki, na kwa kanuni iliyozoeleka hasumbuliwi kwa miezi 12. Akishindwa anaondoka wala haruhusiwi kugombea tena.

Kiwango kilikuwa asilimia 15 ya wabunge. Chama kilipobaki na wabunge 121, hiyo ingekuwa chini ya watu 20, kundi ambalo lingeenea katika matatu mawili na viti vikabaki. Ndiyo maana baada ya Badenoch kuchaguliwa kiwango kilipandishwa hadi theluthi moja, yaani wabunge wapatao 40.

Usidhani kushinda kura hiyo kunaokoa. Theresa May alishinda Desemba 2018 kwa 200 dhidi ya 117, akatangaza kuondoka Mei 2019. Boris Johnson alishinda tarehe 6 Juni 2022 kwa 211 dhidi ya 148, akaporomoka mwezi mmoja baadaye pale mawaziri wake walipojiuzulu kwa mafungu. Kinachoua ni idadi ya waliokukataa kuwekwa hadharani. Mtu wa biashara utaelewa upesi: wakopeshaji wakijua wenzao wana wasiwasi, wote huja siku moja.

Ni kweli Badenoch ni Mnigeria? — Msomaji, Bamburi

Wazazi wake ni Wayoruba wa Nigeria. Alizaliwa Wimbledon, London, mwaka 1980, akakulia Lagos, akarudi Uingereza akiwa na miaka 16. Ni mbunge tangu 2017. Tarehe 2 Novemba 2024 alimshinda Jenrick kwa kura 53,806 dhidi ya 41,388, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chama kikubwa cha Uingereza. Ukilinganisha na swali la mwalimu hapo juu, waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa 131,680, wakati mwaka 2022 walikuwa 172,437. Chama kilipoteza wanachama wapatao 40,000 katika muda wa miaka miwili, na kwetu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko asili ya mshindi.

Mhariri, mwanangu ni muuguzi England, ana pasipoti ya Kenya. Anaweza kupiga kura? Na akitaka kuingia chama hicho ili achague kiongozi? — Mama Nesi, Kisauni

Mama yetu, hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

Kura ya ubunge anaweza. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye miaka 18 na ruhusa halali ya kukaa Uingereza ana haki hiyo, na Kenya imo. Ajisajili mtandaoni kwa anwani anayoishi na nambari yake ya bima ya taifa. Mwisho wa kujisajili ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Siku yenyewe lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya inakubaliwa. Wauguzi wanapokosea mara nyingi ni kwenye anwani. Huhama chumba kufuata hospitali, na usajili hauwafuati. Kila akihama, ajisajili upya.

Kumchagua kiongozi wa chama ni shughuli ya wanachama wanaolipa ada. Mwaka 2024 ada ya kawaida ilikuwa pauni 39 kwa mwaka. Chama hakidai uraia wa Uingereza, ila mtu awe ameingia siku 90 kabla kura haijafungwa. Anayesubiri kinyang'anyiro kitangazwe ndipo alipe, huenda akakuta siku hazimtoshi. Mwaka 2022 kuliwekwa mpango wa kumruhusu mwanachama abadilishe kura yake ya mtandaoni baada ya kuipiga. Wataalamu wa usalama wa mtandao wa serikali wakaonya, mpango ukafutwa, na karatasi za kura zikachelewa. Kwa hiyo akipata karatasi yake, afanye uamuzi mmoja tu.

Kabla ya kulipa asome chama kinasema nini juu ya watu kama yeye. Februari 2025 Badenoch alipendekeza mhamiaji asubiri miaka 10 badala ya 5 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Labour nao, walio serikalini, walitangaza mwezi Mei mwaka huo mpango wao wa kufanya miaka 10 kuwa kiwango cha kawaida. Mwanao atapiga hesabu yake.

Mhariri, wahafidhina ni watu wa kuhifadhi. Hawa wamehifadhi nini? Na je, wabaki kati au waende kulia kabisa wamfuate Farage? — Mzee wa baraza, Mji wa Kale

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo linalowanyima usingizi, na tutalikawilia kidogo.

Ndani ya chama hicho mna mikondo mitatu isiyopendana sana. Upo ule wa zamani, unaojinasibisha na Benjamin Disraeli, waziri mkuu wa karne ya 19, wa kulinda taasisi na kumjali mnyonge ili nchi isigawanyike. Upo wa Thatcher, wa soko huria na kodi ndogo. Na upo wa taifa na mipaka, uliopata nguvu baada ya kura ya maoni ya 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya. Johnson aliifunga mikondo yote kwa ahadi moja mwaka 2019, akavuna asilimia 43.6 ya kura na viti 365. Uingereza ikatoka tarehe 31 Januari 2020, ahadi ikaisha, na hapakuwa na ya pili. Julai 2024 wakabaki na asilimia 23.7 na viti 121, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yao.

Shida ni kwamba walivuja pande zote. Reform UK cha Nigel Farage kilipata asilimia 14.3 ya kura na viti 5 tu. Liberal Democrats wakapata asilimia 12.2 na viti 72, vingi vikiwa ngome za Conservative za kusini mwa England. Mfumo wao ni kama wetu wa ubunge, anayeongoza anachukua kiti hata kwa kura moja. Reform kiliwaumiza kwa kuwapunguzia kura, Liberal Democrats kwa kuwanyang'anya viti vyenyewe.

Chukua eneo bunge la mfano lenye kura 40,000. Labour 15,000, Conservative 13,000, Reform 8,000, wengine 4,000. Wanaosema "twende kulia" wanahesabu kwamba nusu ya wale 8,000 wakirudi, Conservative anafika 17,000 na kiti ni chake. Sawa. Lakini ikiwa mwendo huo utawafukuza wapiga kura 3,000 wa kati, anabaki na 14,000, na Labour bado yuko mbele kwa 1,000. Wale 3,000 wakihamia Labour badala ya kwa wengine, pengo linakuwa 4,000. Kila mkakati unasimama au kuanguka hapo: wangapi wanaingia, wangapi wanatoka, na waliotoka wamekwenda wapi.

Canada wameshapitia haya. Mwaka 1993 chama chao cha kihafidhina kilichokuwa kikitawala kilibakiwa na viti 2, naam, viwili, huku chama kipya cha kulia kilichoitwa Reform vilevile kikipata 52. Walisumbuana miaka 10, Liberals wakishinda chaguzi tatu mfululizo, hadi makundi hayo yalipoungana Desemba 2003. Hapo nako kuna onyo. Katika uchaguzi wa 2000 vyama viwili vya kulia vilikuwa na asilimia 25.5 na 12.2, jumla 37.7. Walipogombea pamoja mwaka 2004 walipata 29.6 tu. Stephen Harper aliingia serikalini 2006, na hata hivyo bila wingi wa viti.

Badenoch alianza kwa kusema hataharakisha sera. Kampeni yake ilitazama mwaka 2030. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mkutano wa Manchester wa Oktoba 2025, uvumilivu ukaisha. Aliahidi kuitoa nchi katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kufuta Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2008, na kuondoa ushuru wa ununuzi wa nyumba ya kuishi. Mkataba huo ulisaidiwa kuandikwa na Mconservative, David Maxwell Fyfe. Sheria ya 2008 ilipita kwa kura zao pia, na lengo la kumaliza utoaji wa hewa chafu ifikapo 2050 liliwekwa na serikali ya May. Kwa hiyo unapouliza wamehifadhi nini, mzee, jibu ni kwamba wanakwenda kwa wapiga kura wakiahidi kubomoa walichojenga wenyewe. Huenda sera hizo ni nzuri au mbaya, hilo tumwachie kila mtu. Lakini mpiga kura anayezitaka tayari ana Reform, ambacho hakijawahi kutawala nchi na hakina cha kuulizwa.

Kama kuna sehemu wanayoweza kusimama peke yao ni uchumi: matumizi ya serikali, deni, kodi. Liberal Democrats hawaligombei eneo hilo, na Reform hakina rekodi. Tatizo ni kwamba kila wakilitaja, mtu anataja Truss.

Nimesoma wabunge wao wanahamia Reform na viti vyao wanabaki navyo. Mbona kwetu mbunge akihama anapoteza kiti? — Mkereketwa, Likoni

Kwa sababu sheria za nchi hizi mbili hazifanani. Uingereza kiti ni cha mtu. Lee Anderson alihamia Reform Machi 2024 na Danny Kruger Septemba 2025, wala hapakuwa na uchaguzi mdogo. Wapo waliorudi kwa wananchi kwa hiari, kama Douglas Carswell na Mark Reckless waliohamia UKIP, chama kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, mwaka 2014, na wote wakashinda. Kwa hiyo kiongozi wa Conservative ana hofu ya kila siku ambayo kinara wa chama cha Kenya hana.

Kwetu Kifungu cha 103 cha Katiba kinasema mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akijiuzulu chamani, kiti kinaachwa wazi. Matokeo yake unayaona. Hahami mtu, anabaki na jina la chama huku akipiga debe kwingine, mpaka uchaguzi ukaribie. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inaruhusu ahesabiwe kuwa amejiuzulu, ila kulithibitisha hilo mbele ya jopo la mizozo ni safari ndefu.

Kuhusu viongozi, Kifungu cha 91 kinataka chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Kwa vyama vyetu vikubwa, hilo kwa kawaida hupitia mkutano wa kitaifa wa wajumbe, si kura ya kila mwanachama. KANU iliwakusanya wajumbe wake Kasarani Oktoba 2002 kumpitisha Uhuru Kenyatta, ambaye Moi alikuwa amekwisha kumtaja. Vigogo wakatoka, na Desemba Kibaki akashinda. ODM nayo, baada ya kifo cha Raila Odinga tarehe 15 Oktoba 2025, ilimweka Oburu Oginga kuwa kaimu kiongozi kupitia vikao vya juu.

Ukitaka sauti katika uteuzi wa aina hiyo, usianzie kwenye mkutano wa hadhara. Anza kwa kuangalia uanachama wako kupitia eCitizen, kwa Msajili wa Vyama. Wako watu waliojikuta wameandikwa katika chama wasichokijua. Ukijikuta humo, andika barua ya kujiuzulu kwa chama na umpelekee Msajili nakala, kisha ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Halafu soma katiba ya chama unachokitaka, sehemu ya wajumbe: tawi lako linatoa wangapi, wanachaguliwa lini na kwa njia ipi. Ikiwa unafikiria kugombea kama mgombea huru, tarehe ni jambo la kukazia macho. Kifungu cha 85 kinataka uwe nje ya chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi.